Saint Helena, kisiwa alikohamishiwa Sayyid Khalid: mahali, watu, uchumi na serikali yake

Mleta uzi

Ndugu zangu, katika mjadala wa wiki iliyopita kuhusu vita vya Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896, vile ambavyo havikutimiza hata saa moja, mchangiaji mmoja alihitimisha kwa kusema kwamba Sayyid Khalid bin Barghash, sultani aliyeshindwa katika vita hivyo, alipokamatwa na Waingereza Dar es Salaam mwaka 1916, "alitupwa kisiwa fulani huko". Hakukosea, ila aliniacha na kiu. Sayyid Khalid alihamishiwa Shelisheli na Saint Helena kabla ya kuruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, na alifariki Mombasa mwaka 1927. Shelisheli tunaijua, ni jirani. Saint Helena wengi wetu tunaisikia kwa ajili ya Napoleon tu, mtawala wa Ufaransa aliyefungwa huko, kisha tunaisahau, kana kwamba alipokufa Napoleon tarehe 5 Mei 1821 wakazi wote walifunga virago wakaondoka.

Hawakuondoka. Wapo hadi leo, kiasi cha watu 4,400, na wana baraza lao la kutunga sheria, bajeti yao, noti zao na Waziri Kiongozi wao. Mimi nimefanya kazi ya uwakala wa meli kwa miaka mingi, na kazi hiyo humzoesha mtu kuitazama kila bandari kwa swali moja: nani anapita hapa, na siku akiacha kupita itakuwaje? Sijaona mahali ambapo swali hilo lina uzito kama Saint Helena. Nitaanza na ardhi, niende kwa watu, kisha uchumi, na serikali nitaiweka nyuma kwa makusudi, kwa sababu mtu akianza nayo atadhani kisiwa hiki kinaongozwa na katiba, ilhali kwa muda mrefu kimeongozwa na ratiba ya meli.

Mleta uzi (mahali penyewe)

Chukua ramani ya Afrika, weka kidole karibu na mpaka wa Angola na Namibia, halafu ingia Bahari ya Atlantiki uelekee magharibi kwa takriban kilomita 1,950. Hapo ndipo kilipo. Nchi kavu iliyo karibu zaidi nacho ni kisiwa cha Ascension, na huko nako ni kilomita 1,300 hivi kaskazini-magharibi. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 122, maana yake Unguja ingeweza kukimeza zaidi ya mara kumi.

Kisiwa ni kichwa cha volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita, na ukikitazama kutoka baharini huoni sababu ya mtu kutaka kuishi pale. Ni majabali meusi na ya rangi ya kutu yaliyosimama wima, bila ufukwe wa kusema na bila mti. Ukipanda juu ndipo mambo yanapobadilika: upepo wa kusini-mashariki unaovuma karibu mwaka mzima huleta mawingu yanayokwama vileleni, na penye mawingu pana nyasi, mashamba na msitu wa ukungu kuzunguka kilele cha Diana's Peak, chenye urefu wa mita 820 hivi. Maji ya kunywa ya kisiwa hutegemea kwa kiasi kikubwa ukungu na mvua ya huko juu, na mwaka wa ukame wakazi huombwa kubana matumizi.

Mji mkuu, Jamestown, umebanwa ndani ya bonde jembamba lenye kuta za mawe pande zote mbili, mtaa mkuu mmoja ukipanda kutoka baharini, nyumba zikiwa zimejipanga kama abiria ndani ya chumba cha treni. Kando ya mji kuna ngazi maarufu iitwayo Jacob's Ladder, yenye vipandio 699, ambayo ilianza mwaka 1829 kama njia ya kuvutia mizigo kati ya mji na ngome iliyo juu ya kilima. Watoto wa zamani waliokuwa wakisoma bondeni na kuishi juu walikuwa na mtindo wao wa kushuka: walilala chali juu ya vyuma vya pembeni, mabega kwenye chuma kimoja na miguu kwenye kingine, wakateleza hadi chini.

Bandari ya asili hakuna, na jambo hili msilipite haraka. Kwa karne nzima baada ya karne, meli zilitia nanga nje, mizigo ikashushwa kwenye matishari, na abiria wakapelekwa kwa mashua hadi kwenye ngazi za gati. Baharia mmoja wa Tanga niliyefanya naye kazi aliwahi kushuka pale, na alinieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno: juu ya ngazi kuna kamba zinazoning'inia, mashua inapanda na kushuka na mawimbi, mtu anangoja iwe juu kabisa, anaidaka kamba, anaruka. Ukichelewa kidogo, mashua imeshashuka chini yako na wewe unabembea. Alisema mzee mmoja wa pale aliruka akiwa na kapu la mayai mkononi, wala hakutazama chini. Siku hizi kuna gati la mizigo katika ghuba ya Rupert's, jirani na Jamestown, na shida hiyo imepungua sana.

Wareno ndio waliokiona kwanza, chini ya nahodha João da Nova, mwaka 1502, na kwa desturi tarehe inayotajwa ni 21 Mei, ambayo hadi leo ndiyo sikukuu ya kisiwa. Hawakukuta mtu. Waliacha mbuzi, na mbuzi wakafanya kazi ambayo mbuzi huifanya popote: wakaitafuna misitu hadi miteremko mingi ikabaki mawe matupu. Mkazi wa kwanza anayejulikana, Fernão Lopes, alikuwa askari Mreno aliyekatwa viungo huko Goa kwa kosa la uasi, akachagua kuishi pale peke yake kwa karibu miaka 30 kuliko kurudi kwao na uso ule. Ninamtaja kwa sababu kisiwa hiki kilianza na mtu aliyejificha, kikaishia kuwa mahali pa kufichia wengine.

Mchangiaji, Kilwa

Ahsante kwa uzi, ndugu yangu. Nina maswali mawili. Kwanza, huko baharini kuna nini, maana hujataja samaki. Pili, hao watu 4,400 ni kabila gani, ni Waafrika au ni Wazungu?

Mleta uzi

Ndugu wa Kilwa, la kwanza ni jepesi. Kuna jodari, anayevuliwa kwa mshipi mmoja mmoja, na kati ya Januari na Machi kuna papa potwe, yule yule anayewatembelea jirani zenu wa Mafia. Tangu mwaka 2016 bahari yote ya kisiwa hadi maili 200 ni eneo la hifadhi, ambamo uvuvi wa nyavu kubwa hauruhusiwi.

La pili ni refu, na ndilo tamu. Hakuna wenyeji wa asili. Kila aliyeko pale babu yake alishushwa na meli. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ilijenga ngome mwaka 1659 na kukifanya kituo cha meli zake zilizokuwa zikirudi kutoka India na China. Waholanzi walikinyang'anya kwa miezi michache kati ya 1672 na 1673, kikarudishwa. Kampuni ilihitaji askari na wakulima wa kulisha meli, na kwa kazi ngumu ilihitaji watumwa. Wengi wao walitoka Madagaska, na kulikuwa na wakati ambapo meli iliyofanya biashara ya watumwa Madagaska ilitakiwa iache mtumwa mmoja kisiwani kila ilipopita. Kuanzia mwaka 1810 waliletwa vibarua kutoka China. Waliongezeka Wahindi, mabaharia waliochoka na bahari, na askari waliooa wakabaki.

Wajukuu wa hao wote wameoana kwa karne tatu na nusu hadi swali la kabila limepoteza maana. Ndani ya nyumba moja unaweza kukuta ndugu wa tumbo moja, mmoja mweusi, mwingine mweupe, wa tatu ana macho ya Kichina, na hakuna anayeshangaa. Wote wanazungumza Kiingereza chenye lafudhi ya kwao, wengi ni Waanglikana, na wanajiita Saints, yaani watakatifu, jina ambalo nadhani hakuna taifa jingine lingethubutu kujipa. Kwa kuwa majina ya ukoo ni machache, watu hujuana kwa majina ya utani. Madereva wanapopishana hupungiana mkono, wanaojuana na wasiojuana, ingawa hao wa pili ni wachache kiasi kwamba huenda ni wageni tu.

Mchangiaji, Unguja

Ninaomba tusiruke sura moja. Mleta uzi amesema watumwa waliletwa na Kampuni, lakini kuna Waafrika wengine waliofika pale kwa njia tofauti, na habari yao inatugusa zaidi kuliko ya Napoleon.

Uingereza ilipoanza kukamata meli za watumwa katika Atlantiki ya Kusini, ilifungua mahakama ya majini Saint Helena mwaka 1840. Meli zilizokamatwa zilipelekwa huko na watu waliokuwemo wakatangazwa kuwa huru. Kati ya 1840 na miaka ya mwanzo ya 1870 walifikishwa zaidi ya 25,000, wengi wakiwa wamenyakuliwa kutoka pwani ya Angola na Kongo. Walipangiwa bonde la Rupert's, bonde kavu, na walifika wakiwa hoi kwa njaa, ndui na kuhara. Inakadiriwa kuwa 8,000 walizikwa humo. Waliopona, wengi wao walipakiwa tena kwenye meli na kupelekwa visiwa vya Karibi na Rasi ya Tumaini Jema kuwa vibarua, na wachache tu walibaki kisiwani.

Makaburi yao hayakuwa na alama. Mwaka 2008, barabara ya kwenda kujengea uwanja wa ndege ilipokuwa ikichimbwa, wataalamu wa mambo ya kale walifukua mabaki ya watu 325. Wengi walikuwa vijana na watoto. Baadhi yao walikutwa bado wana shanga zao na bangili. Mifupa ile ikakaa kwenye masanduku kwa zaidi ya miaka kumi, huku viongozi wakijadiliana mahali na namna ya kuizika upya. Ilizikwa mwaka 2022.

Mleta uzi

Ninashukuru sana kwa nyongeza hii. Nilikuwa nimeipangia aya mbili, lakini wewe umeieleza vizuri kuliko ambavyo ningeieleza, na hizo aya nimezifuta.

Nimalizie habari ya wafungwa kwa haraka, maana ndio iliyoanzisha uzi huu. Napoleon alifika Oktoba 1815, akaishi katika nyumba ya Longwood, akafia humo, na mwili wake ukachukuliwa kupelekwa Paris mwaka 1840. Nyumba ile pamoja na bonde la kaburi tupu ni mali ya Ufaransa tangu 1858, na bendera ya Ufaransa hupepea hapo katikati ya eneo la Uingereza. Baada yake aliletwa Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, kati ya 1890 na 1897, kisha mateka wa Makaburu wapatao 6,000 katika vita vya mwanzo wa karne ya 20, idadi iliyozidi wenyeji. Akaja Sayyid Khalid. Mwaka 1957 waliletwa Wabahraini watatu waliowasumbua Waingereza huko Ghuba, wakaachiliwa 1961. Ukiiangalia orodha hiyo, utaona kwamba dola ya Uingereza ilikitumia kisiwa kama mtu anavyotumia kabati la juu, kwa vitu asivyotaka kuviona wala hawezi kuvitupa.

Kuna kiumbe mmoja aliyewakuta hawa wa mwisho wote. Ni kobe aitwaye Jonathan, aliyeletwa kutoka Shelisheli mwaka 1882 akiwa tayari mkubwa, akakadiriwa kuwa alizaliwa mwaka 1832 au karibu na hapo. Amekuwa akila majani kwenye uwanja wa nyumba ya gavana, Plantation House, muda wote huo. Kobe kutoka Shelisheli na sultani wa Zanzibar walikuwa pamoja katika kisiwa cha Atlantiki, na kwa kobe huyo miaka ya Sayyid Khalid pale ilikuwa kama msimu mmoja wa mvua.

Mleta uzi (uchumi)

Sasa tufike kwenye swali langu la uwakala wa meli.

Kwa miaka 200 biashara ya Saint Helena ilikuwa kuuza maji, mboga, nyama na mapumziko kwa meli zilizokuwa zikizunguka Afrika. Upepo uliopeleka meli za matanga kutoka Rasi ya Tumaini Jema kwenda Ulaya ulizipitisha hapo hapo, kwa hiyo wateja walijileta wenyewe. Mwaka 1855 zilifika meli 1,100. Halafu ikaja mashine ya mvuke, ambayo haijali upepo unavuma wapi, na mwaka 1869 ukafunguliwa mfereji wa Suez. Kwetu pwani ya Afrika Mashariki mfereji ule uliisogeza Ulaya karibu na kuzileta meli nyingi zaidi, kwa heri na kwa shari. Kwa Saint Helena ulifunga mlango. Mwaka 1889 meli zilizofika zilikuwa 288.

Kilichowatoa kidogo kwenye shimo hilo ni kitani. Huu ni mmea wa New Zealand wenye majani marefu kama mapanga, na nyuzi zake zilisokotwa kamba na nyuzi za kufungia vifurushi. Kuanzia 1907 viwanda vilisimama, milima ikapandwa kitani hadi leo unaikuta imejaa huko juu, ikiibana miti ya asili. Mteja mkubwa alikuwa Posta ya Uingereza, iliyofungia mifuko yake ya barua kwa nyuzi hizo. Katikati ya miaka ya 1960 Posta ikahamia kwenye nyuzi za kiwandani, gharama za usafirishaji na mishahara zikapanda, na kufikia 1966 viwanda vikafungwa. Watu wa Tanga na Korogwe hawahitaji kuelezwa zaidi. Tofauti ni kwamba katani ilipoanguka Tanga, mtu aliweza kulima mahindi, kwenda mjini au kuvuka mpaka. Kule mpaka ni maji.

Tangu hapo kisiwa kimekuwa kikisafirisha bidhaa moja kuu, nayo ni watu wake. Wanaume na wanawake huenda kufanya kazi Ascension, visiwa vya Falkland na Uingereza, hutuma fedha nyumbani, na watoto wengi wamelelewa na bibi zao. Mji wa Swindon nchini Uingereza una Saints wengi kiasi kwamba wenyewe huuita Swindolena. Kisiwani kwenyewe mwajiri mkubwa ni serikali, na sehemu kubwa ya bajeti yake ni ruzuku kutoka London. Kuna kahawa nzuri sana, ya mbegu iliyoletwa kutoka Mocha ya Yemen mwaka 1733, lakini shamba ni dogo na bei yake ni ya matajiri. Karibu kila kitu kingine dukani, kuanzia unga hadi misumari, hushushwa na meli ya mizigo kutoka Cape Town, na ikichelewa rafu zinabaki tupu.

Abiria nao walitegemea meli moja, RMS St Helena, tangu 1990 hadi Februari 2018, kwa safari ya siku tano kutoka Cape Town. Meli hiyo ilikuwa posta, basi, gari la wagonjwa na maiti, na soko, vyote kwa pamoja. Ilipokuwa inazeeka, Uingereza ilikuwa na njia mbili: kununua meli nyingine au kujenga uwanja wa ndege. Baada ya kusitasita miaka mitano ilikubali uwanja, ambao uligharimu takriban pauni milioni 285. Palihitajika kujaza bonde zima kwa mawe, kiasi cha mita za ujazo milioni nane, ili kupata njia ya kurukia. Mwaka 2016, wakati wa kufungua ulipofika, ndege ya majaribio iligundua kwamba upepo hubadilika ghafla mno mwishoni mwa njia hiyo, na ufunguzi ukaahirishwa. Magazeti ya Uingereza yaliucheka yakauita uwanja usio na faida kuliko vyote duniani. Ndege ya kwanza ya abiria ya ratiba ilitua tarehe 14 Oktoba 2017, kutoka Johannesburg.

Mchangiaji, Dodoma

Mkuu, samahani, hapa sikubaliani na upole wako. Pauni milioni 285 kwa watu 4,400 ni kama pauni 65,000 kwa kila kichwa, mtoto mchanga akiwemo. Kwa fedha hizo mlipa kodi wa Uingereza angeweza kumpa kila mkazi nyumba na akabaki na chenji. Wamejengewa mnara wa heshima, na bado wanaishi kwa ruzuku.

Mleta uzi

Hesabu yako ni sahihi na ninaikubali. Ninachokataa ni kuilinganisha na sifuri. Meli nayo ilikuwa ikiendeshwa kwa ruzuku kila mwaka, ilikuwa imezeeka, na meli mpya ya aina ile haiuzwi dukani. Tena tazama upande wa mgonjwa. Mtu aliyehitaji upasuaji usiowezekana kisiwani alingoja meli irudi, ambayo pengine ilikuwa Ascension, halafu akasafiri siku tano baharini akiwa na ugonjwa wake. Leo ndege ya wagonjwa inaweza kufika siku hiyo hiyo au inayofuata, hali ya hewa ikiruhusu.

Ambacho ningekilaumu ni ahadi. Watu waliambiwa kwamba watalii watafurika na ruzuku itapungua hadi iishe. Kwa ndege moja kwa wiki, ambayo kwa sababu ya upepo haikuruhusiwa kujaza viti vyake vyote, na kwa nauli inayomtisha hata Mzungu, mafuriko hayo yangetoka wapi? Baadhi ya wenyeji walikopa wakajenga vyumba vya wageni kabla ndege haijatua. Kisha ikaja korona na kufunga kila kitu tena.

Kilichobadilisha maisha ya kila siku kuliko ndege, kwa maoni yangu, ni mkongo wa baharini. Simu za mkononi zilifika mwaka 2015 tu, na intaneti yote ilipitia setilaiti moja, ghali na ya kusuasua. Agosti 2021 tawi la mkongo wa Equiano, unaotoka Ureno kwenda Afrika Kusini, lilifikishwa ufukweni, na Oktoba 2023 wateja wakaanza kuutumia. Mkongo ulikuwa unapita baharini kwa safari zake nyingine, na kisiwa kikaomba tawi. Ni yale yale ya karne ya 17, ila safari hii kinachopita hakihitaji mboga.

Mchangiaji, Mombasa

Bado hujafika kwenye serikali, na wengine tulikuja kwa hilo. Je, hawa wana wabunge London? Nauliza kwa sababu Mayotte, hapo kwa jirani zetu wa Komori, ina wabunge na maseneta Paris.

Mleta uzi

Swali zuri, na mfano wako unanisaidia. Mayotte tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa, na mtu wa pale huchagua wabunge wanaoketi Paris. Saint Helena ni eneo la ng'ambo la Uingereza. Si sehemu ya Uingereza yenyewe, haina mbunge hata mmoja Westminster, na wizara ya London inayoamua ukubwa wa ruzuku haiwajibiki kwa kura za Saints.

Muundo uko hivi. Mkuu wa nchi ni Mfalme wa Uingereza, na anawakilishwa na gavana anayetumwa kutoka nje, ambaye mkononi mwake kuna ulinzi, mambo ya nje, usalama wa ndani na utumishi wa umma. Kuna Baraza la Kutunga Sheria lenye wajumbe 12 wa kuchaguliwa, na kisiwa kizima ni jimbo moja. Vyama vya siasa havina nguvu. Ukishajua kwamba mgombea ni shemeji wa fundi wako, bendera ya chama itakusaidia nini? Hadi 2021 wajumbe waliendesha mambo kwa kamati, kila mmoja akiwa nusu serikali na nusu upinzani. Baada ya kura ya maoni ya mwaka huo waliacha mtindo huo, na Oktoba 2021 Julie Thomas akawa Waziri Kiongozi wa kwanza, cheo ambacho Wazanzibari wa umri wangu wanakikumbuka, akiwa na mawaziri wengine wanne. Rufaa za mwisho huenda Baraza la Faragha London. Pauni ya Saint Helena ina picha zake yenyewe lakini thamani yake ni sawa na ya pauni ya Uingereza, na ukifika nayo London dukani watakurudishia.

Jeraha kubwa la kisiasa ni uraia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 iliwanyang'anya Saints haki ya kuishi Uingereza, watu ambao mababu zao walikuwa raia wa mfalme kabla hata Uskoti haijaungana na Uingereza. Kwa miaka 20 hivi walibaki na pasipoti ambayo haikuwapa haki ya kuishi Uingereza. Kanisa la Anglikana lilisimama nao, tume ikaundwa kisiwani kudai haki, na uraia kamili ulirudishwa tarehe 21 Mei 2002, siku kisiwa kilipotimiza miaka 500 tangu Wareno wakione. Matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha na kuhuzunisha: waliopata haki ya kwenda walikwenda, na sensa ya 2008 ilikuta watu karibu 4,000 tu wamebaki. Ujenzi wa uwanja wa ndege ulirudisha baadhi yao.

Kikatiba, tangu Septemba 2009, eneo linaitwa Saint Helena, Ascension na Tristan da Cunha, visiwa vitatu vyenye hadhi sawa chini ya gavana mmoja. Ascension ni kambi ya ndege na mitambo ya mawasiliano: watu 800 hivi, wengi wao Saints, na hakuna mwenye haki ya kuishi huko moja kwa moja, kazi ikiisha unaondoka. Tristan iko zaidi ya kilomita 2,400 kusini, haina uwanja wa ndege, na watu wake wasiofika 250 wanaishi kwa kambakoche na viazi. Volkano ilipolipuka mwaka 1961 walihamishiwa wote Uingereza, na mwaka 1963 karibu wote wakaomba kurudi. Tristan inastahili uzi wake.

Mchangiaji, Muscat

Nimesoma kwamba chakula chao kikuu cha sikukuu huitwa "plo". Kuna mtu ana habari zake?

Mleta uzi

Ndugu wa Muscat, soma neno hilo kwa sauti. Ni pilau. Ni wali unaopikwa sufuria moja na nyama, viazi, karoti na bizari, na limefika pale na mabaharia na watumishi waliotoka India. Tahadhari tu kwa Waislamu: wenyeji hupenda kutia nyama ya nguruwe, ingawa wengine hupika kwa kuku au jodari.

Mchangiaji, Arusha

Mtu akitaka kwenda, anafanyaje?

Mleta uzi

Nenda Johannesburg. Ndege huondoka Jumamosi, hutua Walvis Bay nchini Namibia kujaza mafuta, kwa sababu ikifika kisiwani na upepo ukaikataa lazima iwe na mafuta ya kurudi bara, kisha huvuka. Katika miezi ya watalii huongezwa safari ya kutoka Cape Town. Nje ya miezi hiyo, ukitua Jumamosi utaondoka Jumamosi inayofuata, upende usipende, kwa hiyo beba dawa zako zote na kitabu cha kutosha siku saba.